Bloa ya hewa imezima? Toa watu duarani kwanza, tatizo la umeme litafutwe baadaye

Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nyarugusu na Mgusu mkoani Geita, au Mwakitolyo mkoani Shinyanga, bloa ndiyo pumzi ya duara. Inakaa juu na kupuliza hewa kwenye bomba mpaka chini watu wanakochimba. Ikizima, hewa ya chini inaanza kuharibika, na baada ya kulipua baruti hali huwa mbaya zaidi.

Adui mkubwa ni gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na mshumaa unaweza kuendelea kuwaka huku gesi hiyo inaua. Pampu au jenereta ya petroli ikiwashwa chini, inaitoa kwa wingi.

Wengi hulipwa kwa mgao wa mawe, kwa hiyo hakuna anayependa kupanda juu kazi ikiwa imenoga. Lakini bloa ikizima, wote wapande. Fundi atafute tatizo duara likiwa tupu.

Kabla ya kugusa chochote

Zima meni swichi na mtu mmoja abaki hapo, asije mwingine akawasha. Hakikisha kwa mita kwamba umeme haupo. Kumbuka kapasita hutunza umeme hata baada ya kuzima.

1. Bloa iko kimya kabisa

Anzia umeme unakotoka: jenereta, fyuzi, breka, kisha viungio vya waya. Kiungio kilichofungwa tepu na kulala kwenye matope hushika kutu haraka. Breka ukiirudisha na ikajikata tena, iache. Inakwambia umeme unavuja au mota imezidiwa. Kuweka kipande cha waya badala ya fyuzi ni kuita moto.

2. Inaunguruma ila haizunguki

Zima hapohapo, koili zinaweza kuungua ndani ya dakika chache. Kwenye mota ya fezi moja, mara nyingi kapasita imekufa au beringi zimekwama. Kwenye fezi tatu, huenda fezi moja imekatika.

3. Inachemka, inazima baada ya muda

Mshukiwa wa kwanza ni waya mwembamba uliovutwa mbali. Pima bloa ikiwa inafanya kazi. Mita ikisoma volti 230 kwenye jenereta lakini 190 kwenye mota, umeme mwingi unapotelea njiani. Mota inavuta mkondo mkubwa zaidi kufidia, inachemka, mwisho unaipeleka kusukwa upya. Waya mnene zaidi ni nafuu kuliko mota.

4. Inazunguka vizuri, lakini hewa ni kidogo

Hapa ndipo wengi wanadanganyika, maana mlio wanausikia. Kagua kama bomba limechanika au limejikunja. Bomba likiwa zima, angalia mshale kwenye bloa. Fezi mbili zikibadilishana wakati wa kuunga waya, mota inazunguka kinyume. Bloa yenye umbo la konokono bado itapuliza upande uleule, ila kwa nguvu ndogo sana.

Ikishapona

Usimtume mtu chini palepale. Iache bloa ipulize kwanza, kisha shusha kipima gesi kwa kamba. Kama duara lenu halina kipimo, uliza ofisi ya Afisa Madini Mkazi kabla ya kurudi kazini.

Mlio wa bloa si hewa. Hewa ni ile inayofika mwisho wa bomba.