Namna ya Kutia Daladala Katika Mchezo wa Kompyuta

Wengi wenu mmeucheza mchezo wa GTA San Andreas, na wasioucheza bila ya shaka wamewaona wenzao wakiucheza wakati wa likizo. Mchezo huo ulitengenezwa na kampuni ya Rockstar North ya Edinburgh, ukatoka mwaka 2004 kwa mashine ya PlayStation 2, na mwaka 2005 kwa kompyuta. Magari yake ni ya Kimarekani, na mtu wa Amani akiona basi linapita humo hutamani liwe daladala ya mbao, namba 502 ya Bububu. Jambo hilo lawezekana. Lakini wako wanaouharibu mchezo mzima kwa kutofahamu jambo moja dogo, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa hiyo nimeona yafaa nilieleze.

Ukifungua folda ya mchezo huo utakuta mafaili ya namna mbili. Baadhi yako wazi, kila moja peke yake, kama vile handling.cfg, ambalo ni maandishi matupu: humo umeandikwa uzito wa kila gari, breki zake na mwendo wake. Mengine huyaoni kabisa. Yamefungwa kwa maelfu ndani ya faili moja kubwa liitwalo gta3.img, ambalo ukubwa wake wakaribia gigabaiti moja. Mfano wake ni robota la mitumba. Nguo zimo, lakini huwezi kuvuta shati moja bila ya kulifungua robota.

Nilijiuliza, kwa nini watengenezaji walifunga? Nilidhani ni uchoyo, kumbe sivyo. Mji ule ni mkubwa, hauwezi kuingia wote katika kumbukumbu ya mashine mara moja, basi huletwa vipande vipande kadiri mchezaji anavyokwenda. PlayStation 2 ilivisoma vipande hivyo kutoka kwenye sahani ya DVD, na jicho linalosoma sahani huchelewa linapohama huku na huku. Mafaili yakiwa pamoja, na mahali pa kila moja pamekwisha andikwa, hapana haja ya kutafuta.

Mpango wa robota lenyewe ni mzuri, na mimi napenda kuutazama. Mwanzo kabisa mna herufi VER2, kisha hesabu ya mafaili, kisha orodha. Kila faili lina mstari wake wa baiti 32: baiti 4 zasema linaanzia wapi, 4 zasema ukubwa wake, na 24 zilizobaki ni za jina. Nafasi haigawiwi kwa baiti moja moja, bali kwa vyumba vya baiti 2048, sawasawa na chumba kimoja cha DVD. Faili lenye baiti 2050 hupewa vyumba viwili, yaani baiti 4096, na chumba cha pili hukaa karibu kitupu.

Basi, umbo la basi ni bus.dff na rangi zake ni bus.txd. Daladala niliyoichora mimi, kwa sababu ya zile mbao na nguzo za pembeni, ilikuwa kubwa kuliko basi la asili, haikuenea katika vyumba vyake. Hali ikiwa hivyo, programu ya kuhariri huipeleka mwisho wa robota na kusahihisha orodha, na mahali pa zamani hubaki shimo. Ukibadilisha mara kumi, robota limevimba na limejaa mashimo. Ili kuyaziba lazima liandikwe upya lote, toka mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa katikati ya kazi hiyo, likizo iliyopita, umeme ukakatika. Uliporudi, gta3.img lilikuwa nusu, na mchezo haukufunguka tena. Nakala sikuweka. Kompyuta si yangu, ni ya ami yangu, na mdogo wangu alikuwa akiucheza mchezo ule tangu mwezi wa Ramadhani. Alinitazama, hakusema neno, akaenda zake kucheza mpira. Afadhali angepiga kelele. Bahati njema, michezo aliyohifadhi hukaa katika folda nyingine kabisa, mbali na robota, nilipopata gta3.img zima kwa jirani, aliendelea pale pale alipoachia.

Tangu hapo sigusi robota. Iko programu iitwayo Mod Loader, ambayo hutazama folda iitwayo modloader. Humo nimefungua folda ndogo, nikaiita daladala, nikatia bus.dff na bus.txd zikiwa wazi. Mchezo unapotaka basi, Mod Loader huupa la kwangu badala ya lile la ndani. Nikitaka basi la Kimarekani lirudi, naiondoa folda tu.

Njia hii nayo ina kero zake. Folda mbili zikiwa na bus.dff, lazima moja ishinde: kila folda ina namba ya daraja, isiyoandikiwa huhesabiwa 50, na yenye namba kubwa ndiyo hupita. Tena, kunakili mafaili madogo elfu tatu kwenye flashi huchukua muda mrefu kupita faili moja la ukubwa ule ule. Kwa hiyo nikimpelekea mtu kazi yangu naifunga kwanza katika zip, naye anaifungua kwake.

Hata michezo mingine ina desturi hii. Doom wa mwaka 1993 ulifungwa katika faili la WAD, lakini wenyewe waliruhusu mtu alete WAD yake pembeni, na lake likashinda. Katika Skyrim wa mwaka 2011 marobota huitwa BSA, na faili lililo wazi hulishinda lililofungwa. Ndiyo maana mtu akisahau faili moja kuukuu katika folda ya Data hushangaa kuona mabadiliko yake mapya hayatokei.

Daladala yangu sasa yatembea vizuri, ila kwenye kona huinamia upande kama itapinduka. Nadhani uzito nilioandika katika handling.cfg ni mdogo. Faili hilo liko wazi, nitalisahihisha tukifunga skuli.