Kona Ambazo Mguu Hauna

Mguu wangu wa kulia unaishia chini kidogo ya goti. Naishi Nakivale, Uganda, na nikihitaji soketi mpya, yaani kile kikombe cha plastiki cha mguu bandia kinachoshika kigutu, napanda taksi hadi Mbarara kwa mafundi wa Ruharo. Fundi hunivisha soksi nyembamba, huchora kwa penseli ya wino kila mfupa unapojitokeza, kisha huzungushia bandeji ya plasta. Alama zile huhamia kwenye plasta. Kutokana na kalibu hiyo hupata sanamu ya kigutu changu, akaanza kuilainisha kwa tupa na msasa.

Kisubi, karibu na Entebbe, hospitali ya CoRSU imejaribu njia nyingine pamoja na Chuo Kikuu cha Toronto: skana inapima kigutu, soketi inachorwa kwenye kompyuta, printa inaitengeneza. Basi nikataka kujua kompyuta inauonaje mguu wa mtu.

Inauona kama maelfu ya pembetatu bapa zilizoungana ukingo kwa ukingo, mithili ya vipande vya mpira wa miguu. Kwa macho zinatosha. Taabu huanza mhandisi anapokokotoa soketi itanibana wapi nikikanyaga. Vitu viwili vikigusana, msukumo husimama wima juu ya uso ulioguswa. Kwenye ngozi mwelekeo huo hubadilika taratibu. Kwenye pembetatu haubadiliki hadi ukingoni, halafu unaruka ghafla. Kigutu kikiteleza kidogo tu, hesabu inaonyesha presha kali kwenye kona ambayo mguu wangu hauna. Wakati mwingine programu huyumba huku na huko isifikie jibu.

Ongeza pembetatu, utasema. Haya, chukua duara lenye nusu kipenyo cha milimita 50. Lichore kwa pande 12: katikati ya kila upande unakosa duara kwa milimita 1.7, na kila kona inageuka nyuzi 30. Lichore kwa pande 36: kosa linashuka hadi milimita 0.2, karibu mara tisa, lakini kona bado inageuka nyuzi 10. Umbo linaukaribia ukweli haraka, mwelekeo unabaki nyuma, na presha hufuata mwelekeo.

Ndiyo maana watafiti waligeukia hesabu za mikunjo zilizozaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa, kwa Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault. Mwaka 2002 Michael Puso na Tod Laursen walionyesha namna ya kufunika vipande bapa kwa viraka vilivyopinda, ili mwelekeo usiruke. Mwaka 2005 Thomas Hughes na wenzake wakapendekeza hesabu ifanywe juu ya mikunjo ileile ya mchoro tangu mwanzo.

Kazi hiyo naithamini sana, ila nina neno. Upande wa nje, chini ya goti, pana kinundu cha mfupa mwembamba, na mshipa wa fahamu unapita jirani yake. Kinundu hicho si kosa la skana. Programu ikikisawazisha pamoja na kona za pembetatu, soketi itanikandamiza papo hapo. Fundi hapagusi kwa tupa. Huongeza plasta juu ya alama ya penseli, soketi iache nafasi. Mchoro wa kompyuta nao unahitaji alama hizo, ziwekwe na mtu aliyelishika goti na kuuliza panapouma.