Njia ya Mwanga Ndani ya Fuwele

Wakazi wa Buhehe na sehemu nyingine za mpaka wa Busia wanavijua vilima vya Sukulu, karibu na mji wa Tororo nchini Uganda, kwa fosfeti ya kutengenezea mbolea. Udongo wa vilima hivyo una pia niobiamu na madini adimu, kundi ambalo neodimiamu imo. Bila neodimiamu, mojawapo ya leza zinazotumika sana duniani isingewaka.

Leza hiyo ni Nd:YAG, iliyozaliwa mwaka 1964 katika maabara za Bell nchini Marekani, miaka minne baada ya Theodore Maiman kuwasha leza ya kwanza kwa yakuti nyekundu. YAG ni fuwele ya itriamu, alumini na oksijeni inayotengenezwa kiwandani. Ni ya ukoo wa ganeti, sawa na tsavoriti, kito cha kijani kinachochimbwa Taita Taveta na Mirerani. Atomu chache za neodimiamu zikishika nafasi za itriamu, fuwele humeza mwanga wa nanomita 808 na kutoa mwanga wa nanomita 1,064 ambao jicho halioni.

Madaktari wa macho wanaitegemea. Baadhi ya watu waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hurudi baada ya miezi au miaka wakilalamika kuwa uoni umefifia tena, kwa sababu utando ulio nyuma ya lenzi bandia umeingia ukungu. Mipigo michache ya Nd:YAG huutoboa utando huo bila kisu, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ndugu ya leza hiyo, yenye holmiamu badala ya neodimiamu, huvunja mawe ya figo.

Hata hivyo, katika kipande kikubwa cha fuwele, mwanga hutawanyika, hivyo huhitajika nishati nyingi kuwasha leza. Ukibanwa katika njia nyembamba, nishati kidogo hutosha. Lakini utachimbaje njia ndani ya fuwele ngumu bila kuipasua?

Jibu limetoka kwa leza nyingine, yenye mipigo mifupi mno. Mbinu ya kuikuza mipigo hiyo ilibuniwa mwaka 1985 na Gérard Mourou na Donna Strickland, waliotunukiwa Nobeli mwaka 2018. Mwanga huizunguka dunia mara saba na nusu kwa sekunde moja; lakini katika mpigo wa femtosekunde 100, husafiri milimita 0.03 tu. Mpigo huo hupenya fuwele bila kuidhuru hadi pale lenzi inapoukusanya. Hapo nguvu yake huzidi, elektroni hung'olewa na mpangilio wa atomu huvurugika, nao mpigo umekwisha kabla joto halijasambaa. Fuwele ikisogezwa polepole, alama huwa mstari.

Mwaka 1996 watafiti nchini Japani, akiwamo Kazuyuki Hirao, walichora njia za namna hiyo ndani ya kioo. Katika kioo, mara nyingi mstari wenyewe ndio hubeba mwanga. Katika YAG mambo hugeuka: sehemu iliyopigwa huusukuma mwanga kando. Kwa hiyo mafundi huchora mistari mingi kuzunguka eneo lisiloguswa, na mwanga hupita katikati kama maji kati ya kingo za mtaro. Vioo viwili vya kuakisi vikiwekwa kwenye ncha, na mwanga wa nanomita 808 ukiingizwa, kipande cha milimita chache huwa leza kamili.

Leza hizi bado ni za maabara zaidi kuliko za hospitali, ambako fuwele kubwa zingali zinatawala. Na kati ya udongo wa Sukulu na leza kuna kazi ngumu. Madini adimu hufanana kikemia kiasi kwamba kuyatenganisha ni shughuli ya hatua nyingi; kisha YAG huyeyushwa kwa takriban nyuzi 1,970 za Selsiasi na kuvutwa taratibu mpaka iwe fuwele moja. Thamani kubwa huongezwa katika hatua hizo mbili, na anayezimiliki ndiye hupanga bei, si mwenye kilima.