Tanuru la Oili Chafu: Usafi Wake ni Kinga ya Fundi na Bahari

Baadhi ya mafundi wanaoyeyusha chakavu za alumini na kusubu sufuria hutumia tanuru linalowaka kwa oili chafu ya injini na feni ya kupuliza hewa. Nishati hiyo ni nafuu, lakini tanuru lisiposafishwa hutoa moshi mzito na kula oili nyingi.

Kabla ya usafi, fundi afunge koki ya oili, aliache tanuru lipoe kabisa, kisha azime feni. Avae glavu na barakoa, kwani majivu yake huweza kuwa na madini ya risasi. Akwangue masizi kwenye chungu cha moto na bomba la moshi, azibue bomba la oili na kusafisha chujio. Oili ituame kwanza ili maji yabaki chini ya pipa. Maji yakiingia kwenye moto, oili huruka na kuunguza. Kamwe isichanganywe na petroli.

Majivu na mashapo yasimwagwe mtaroni. Mvua huyasukuma hadi kwenye mikoko na fukwe tunakovua, ikiwemo Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, oili chafu ni taka hatarishi. Kuikusanya na kuisafirisha huhitaji kibali. Mabaki yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, na mwananchi amwone Ofisa Mazingira wa Halmashauri kwa maelekezo.