Dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mwanakondoo yatima

Kwa kaya nyingi za wafugaji wadogo mkoani Tabora, kuanzia Igunga na Nzega hadi Tura na Urambo kwenye njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, kondoo ni akiba inayogeuzwa fedha wakati wa ugonjwa au mahitaji ya shule. Hivyo, kifo cha mwanakondoo aliyefiwa na mama yake, au aliyekataliwa naye, ni pigo kwa kaya, ingawa mara nyingi kinaweza kuzuiwa.

Mwanakondoo huzaliwa bila kinga ya kutosha dhidi ya maradhi, kwa kuwa kinga ya mama haimfikii akiwa tumboni. Huipata katika dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Uwezo wa utumbo kufyonza kinga hiyo hupungua kila saa na hukoma takribani saa 24 baada ya kuzaliwa. Kwa sababu hiyo, anyweshwe dang'a ndani ya saa 6 za kwanza. Kiasi kinachofaa ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito, mara nne kwa siku hiyo. Mwenye kilo 3 hupewa mililita 150 kila mara. Dang'a ya mama ikikosekana, itumike ya kondoo mwingine, mbuzi au ng'ombe aliyezaa karibuni na mwenye afya.

Mwanakondoo aliyepoa mwili akaushwe na kupashwa joto kabla ya kunyweshwa. Anyonye chupa akiwa amesimama. Akilazwa chali, maziwa huweza kuingia mapafuni.

Baada ya dang'a, maziwa ya ng'ombe yanafaa, yakiwa yamechemshwa na kupoozwa hadi kuwa vuguvugu. Yasiongezwe maji, kwani maziwa ya kondoo ni mazito zaidi kwa asili. Wiki ya kwanza apewe mara nne au tano kwa siku, kisha idadi ipunguzwe polepole. Chupa na chuchu zioshwe kwa maji ya moto kila baada ya matumizi.

Kuanzia wiki ya pili awekewe majani laini na maji safi. Akila vizuri, anaweza kuachishwa maziwa akiwa na wiki 8 hivi. Akiharisha au kukataa kunyonya, mfugaji amwone afisa mifugo wa kata mapema.