Kanuni za nyumbani katika mchezo wa Traveller: suala la kifo kabla ya safari

Kila mchezo wenye kanuni zilizoandikwa huishi maisha mawili, ya kitabuni na ya mezani. Kanuni ambazo kikundi cha wachezaji hujiwekea chenyewe, kwa kurekebisha au kufuta zile za kitabu, huitwa kanuni za nyumbani. Msomaji aliyezoea taaluma ya lugha hatashangazwa na hali hiyo. Kiswahili cha Lubumbashi nacho kina utaratibu wake unaofuatwa kila siku, ijapokuwa hakuna baraza lililoketi kuuidhinisha. Makala haya yanafafanua jinsi kanuni za namna hiyo zinavyozaliwa na zinavyopaswa kupimwa, kwa kuutazama mchezo mmoja wa Marekani.

Traveller, jina lenye maana ya “Msafiri”, ulitungwa na Marc Miller na kuchapishwa mwaka 1977 na kampuni ya Game Designers' Workshop, katika mji wa Normal, jimbo la Illinois. Ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na mandhari yake ni ya hadithi za kubuni za kisayansi: meli za angani, sayari za mbali, biashara kati ya nyota. Kila mchezaji husema na kutenda kwa niaba ya mhusika mmoja. Mwamuzi hueleza ulimwengu unaowazunguka, na palipo na shaka, dadu 2 hurushwa ili kukata shauri.

Upekee wa mchezo huu umo katika namna ya kumuumba mhusika. Kwanza dadu humpa sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu na hadhi ya kijamii. Kisha, akiwa na umri wa miaka 18, huingia katika utumishi fulani, k.m. jeshi la wanamaji wa angani, biashara au kikosi cha wapelelezi wa anga. Hutumikia kwa mihula ya miaka minne minne. Kila muhula humwongezea ujuzi, lakini pia humtaka arushe dadu za kunusurika. Akishindwa, hufa. Mchezaji huanza upya na mhusika mwingine, kabla hata ya safari ya kwanza.

Hesabu yake si ngumu. Mpelelezi wa anga hunusurika akipata 7 au zaidi. Dadu 2 zina matokeo 36, na 21 kati yake hutosha, yaani asilimia 58 hivi. Atakayetaka kudumu mihula mitano atafika salama mara 7 tu katika 100. Mwenye ustahimilivu wa 9 au zaidi huongezewa 2, na nafasi yake ya kumaliza mihula hiyo mitano hupanda hadi asilimia 40. Kitabu chenyewe, kwa mzaha wa nusu nusu, kilimwelekeza mchezaji aliyepewa mhusika dhaifu kupita kiasi ampeleke katika kikosi hicho, yaani akafie huko.

Haishangazi basi kwamba kanuni hii ilikuwa miongoni mwa za kwanza kurekebishwa majumbani. Toleo la mwaka 1981 lilikubali njia ya hiari: aliyeshindwa huhesabiwa kuwa amejeruhiwa, naye huacha utumishi baada ya miaka miwili ya muhula huo. Toleo la kampuni ya Uingereza, Mongoose, la mwaka 2008, liliweka jedwali la ajali za kazini mahali pa kifo, na kifo kikabaki kwa wanaokitaka. Hivyo desturi ya majumbani ikawa kanuni ya kitabu, kama neno la mtaani linavyoingia katika kamusi baada ya kusemwa muda mrefu.

Hata hivyo, si kila marekebisho yana busara sawa. Yapo makundi yaliyofuta kabisa dadu za kunusurika bila kuweka kitu mahali pake. Matokeo yake yanaweza kutabirika. Hofu ya kifo ndiyo iliyomfanya mchezaji ajiulize kama aridhike na ujuzi mdogo au ajaribu muhula mmoja zaidi. Ikiondolewa, breki kubwa inayobaki katika uamuzi wake ni uzee, ambao huanza kupunguza sifa za mwili katika umri wa miaka 34. Wahusika wengi huja mezani wakiwa wazee wenye ujuzi mwingi, na swali lenyewe limekufa. Anayetaka kuondoa kifo hana budi kuweka gharama nyingine: jeraha la kudumu, deni, au kupoteza marupurupu ya kustaafu, ambayo kwa mpelelezi huweza kuwa meli nzima. Kwa mizani hiyo, kanuni ya 1981 ni nzuri kuliko ufutaji.

Mizani hiyo hiyo inafaa kwa kompyuta za melini. Kompyuta ndogo kabisa katika vitabu vya awali huchukua tani 1 ya nafasi, yaani takriban mita za ujazo 14, sawa na chumba kidogo. Kwa msomaji wa leo ni kichekesho, na meza nyingi huipunguza. Kupunguza ukubwa hakudhuru kitu. Lakini kompyuta hiyo huendesha programu chache tu kwa wakati mmoja, na katika mapigano rubani hulazimika kuchagua kati ya kukwepa na kulenga. Anayeondoa kikomo hicho kwa hoja kwamba mashine za kisasa zina uwezo mkubwa amesahihisha sayansi na kuua vita.

Linabaki suala la wakati. Kanuni ya nyumbani hutangazwa kabla dadu hazijarushwa, na ni vyema iandikwe katika daftari la meza pamoja na tarehe yake. Mwamuzi anayeibadili baada ya matokeo kuonekana, hata kwa huruma, huwafanya wachezaji wajadiliane naye kila dadu zinapowaangukia vibaya. Wahusika walioumbwa chini ya kanuni ya zamani huachwa na walichokipata. Kanuni mpya huanza na mhusika atakayefuata.