Tafuta vana kabla maji hayajarudi

Katika nyumba za zamani za Uvira, mashariki mwa Kongo, maji huharibu vitu zaidi yanaporudi kuliko yanapokatika. Mchana mtu amefungua robine, haikutoa hata tone, akaiacha hivyo hivyo akaenda sokoni. Usiku wa manane mabomba yanajaa tena. Kunapopambazuka, godoro limelowa, gunia la unga limelowa, madaftari ya watoto hayasomeki. Lawama zote humwangukia aliyeacha robine wazi. Mimi nasema kuna swali la kuuliza kabla ya hilo: nani katika nyumba ile alijua vana ya kufungia maji ya nyumba nzima iko wapi?

Mkulima wa mpunga wa Kiringye, kule kwenye bonde la Ruzizi, hapandi kabla ya kujua maji ya mfereji yanafungiwa wapi na nani wa kuyafunga. Mtoto wake akija Uvira kusoma au kuuza dukani, akapanga vyumba viwili katika nyumba ya matofali iliyojengwa kabla baba yake hajazaliwa, anapewa ufunguo wa mlango na kuonyeshwa choo, basi. Mara nyingi mwenye nyumba naye hajui. Aliirithi, akaigawa kwa wapangaji, akaongeza jiko hapa na bafu pale, na kila fundi aliyepita aliunganisha bomba lake juu ya bomba la mwenzake.

Kwa hiyo usianzie jikoni. Anzia barabarani. Bomba kubwa la REGIDESO, shirika la maji, hufuata barabara, na bomba dogo la kwako hutoka humo likaingia uani kwa njia fupi kadiri fundi alivyoweza, maana kuchimba ni kazi ngumu na bomba ni ghali. Simama getini ukitazama barabara, kisha tafuta karibu na ukuta sanduku la zege au la matofali lenye kifuniko cha bati, chuma au bamba la zege. Kama uwanja umeinuliwa kwa kifusi, kifuniko kinaweza kuwa kiganja kimoja au viwili chini ya udongo. Chomachoma ardhi kwa fimbo ya chuma, polepole, usije ukatoboa bomba. Mitaa ya kandokando ya Mto Mulongwe ina shida yake ya pekee: mafuriko ya Aprili 2020, yaliyobomoa maelfu ya nyumba mjini, yaliacha matope na mawe juu ya kila kilichokuwa chini.

Ndani ya sanduku kuna mita ya maji, na kwa kawaida huwa na vana upande mmoja na mwingine. Ile iliyo kabla ya mita, upande wa barabara, ni ya REGIDESO, na pengine imefungwa kwa lakiri. Usiichezee. Ile iliyo baada ya mita, upande wa nyumba, ndiyo yako. Kama mita haipo, kwa kuwa iliibwa au haikuwahi kuwekwa, fuata bomba hadi linapoingia ukutani.

Hapo ndipo nyumba ya zamani inapoanza kuficha siri zake. Tazama kwanza ukuta wa nje wa jiko na wa choo, kwa sababu wajenzi wa zamani walikusanya maji upande mmoja wa nyumba. Vana inaweza kuwa kimo cha goti, imepakwa rangi mara tano hadi inafanana na ukuta wenyewe. Inaweza kuwa nyuma ya tangi la maji ya moto lisilofanya kazi tena, chini ya sinki, au nyuma ya kabati ambalo mpangaji aliligongelea mbele yake bila kujua. Katika nyumba ya ghorofa, fuata bomba linalopanda kando ya ngazi: chini kabisa kuna vana ya jengo zima, na mahali bomba linapochepuka kwenda kila ghorofa panapaswa kuwa na vana ya ghorofa hiyo. Maji yakiwa yanatembea, weka ncha ya bisibisi kwenye bomba na mpini wake sikioni. Utasikia yanakopita.

Ukiipata, itambue kabla ya kuizungusha. Vana yenye mpini mrefu kama kidole huzungushwa robo tu: mpini ukilala sambamba na bomba, maji yanapita, ukikingama, yamefungwa. Yenye gurudumu dogo ni ya aina ya zamani. Ndani yake kuna bamba la shaba linaloshuka taratibu kuziba njia, na huhitaji kuzungushwa mara nyingi kuelekea mshale wa saa unakokwenda. Zote mbili zifunge polepole. Maji yanayokimbia yakizuiwa ghafla hupiga bomba zima kwa kishindo, na bomba la chuma la mabati lenye miaka mingi, lililoliwa na kutu kwenye nyuzi za maungio, haliwezi kuvumilia pigo hilo.

Gurudumu ambalo halijaguswa kwa miaka hugoma, na hapa ndipo nimeona hasara nyingi zikitokea. Mtu anachukua spana ndefu, anakaza kwa nguvu zake zote, mhimili unakatika, na sasa ana vana isiyofunga wala kufungua. Dondoshea mafuta mepesi kwenye mhimili, ngoja usiku mmoja, kisha rudisha nyuma kidogo na mbele kidogo, huku spana ya pili imeshika mwili wa vana ili nguvu isiende kwenye bomba. Vana ikianza kuvuja chini ya gurudumu, kaza nati iliyo hapo kwa robo mzunguko. Ndani yake mna kamba ya kuzibia ambayo imekauka. Lakini gurudumu likizunguka bila mwisho na maji hayabadiliki, bamba la ndani limechomoka. Vana hiyo imekufa. Mwite fundi aweke ya mpini wa robo, na kwa kazi hiyo maji lazima yakatwe kabla ya mita, kwa hiyo REGIDESO ijulishwe.

Ukishaifunga, usiamini macho. Fungua robine zote: maji yaliyobaki yatachuruzika, kisha yatakauka. Ile isiyokauka inalishwa na bomba jingine, na katika nyumba zilizogawanywa jambo hilo ni la kawaida. Kisha fungua vana, funga robine zote, uende ukatazame mita. Kigurudumu chake kidogo kikizunguka, kuna maji yanayopotea. Funga tena vana ya nyumba. Kigurudumu kikisimama, uvujaji uko ndani. Kikiendelea, uko kati ya mita na vana, chini ya udongo wa uwanja wako, na ni wewe unayeulipia.

Hilo la malipo ni dogo. Kuna jambo kubwa zaidi, na Uvira inalijua kuliko miji mingi. Mwaka 2015 jarida la PLOS Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa hapa hapa Uvira, ukilinganisha maji yaliyotolewa na mtambo wa mji na wagonjwa walioingizwa katika kituo cha kutibu kipindupindu kati ya 2009 na 2014. Katika siku 12 baada ya siku moja isiyo na maji ya bomba, wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu walikuwa zaidi ya mara mbili na nusu kuliko pale maji yanapotolewa vizuri. Sababu iliyo wazi ni kwamba watu hurudi ziwani na mitoni na bidoni zao. Lakini bomba tupu lina hatari yake pia. Maji yakiwa yamejaa ndani, husukuma kuelekea nje, na ufa mdogo hutoa tu. Msukumo ukiisha, bomba huvuta: maji ya mtaro, maji ya shimo la mita, hata maji ya ndoo ambamo mtu ameacha mpira umezama. Na kinachovutwa kwako huweza kurudi kwa jirani.

Umbo la mji wenyewe huongeza tatizo. Uvira imebanwa kati ya mlima na ziwa, na kila mita 10 za kushuka huongeza msukumo wa karibu bar 1. Maji yakipungua, nyumba za juu hukauka kwanza, na mtu wa chini akifungua robine huvuta kilichobaki juu. Huku chini, karibu na ufuo, Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024, viwanja vilijaa maji, na masanduku ya mita hayakubaki makavu. Sanduku lililofurika, kiungio kinachovuja na bomba tupu, vikikutana, huwa ni mlango wa ugonjwa.

Ndiyo maana nataka vana ya nyumba ifungwe kila maji yanapokatika, wala si siku ya kupasuka bomba tu. Acha wazi robine moja ya uani, iliyounganishwa kabla ya vana hiyo, juu ya pipa, na mdomo wake uwe juu ya ukingo wa pipa kwa angalau upana wa kiganja, bila mpira. Robine hiyo itakuamsha maji yakirudi. Yale ya kwanza, yenye rangi ya udongo au kutu, yatumie chooni. Yakishakuwa meupe, fungua vana ya nyumba polepole, na ya kunywa bado yatie klorini au yachemshe.

Penye wapangaji wengi, kubalianeni nani anafunga, kwa sababu vana moja huwakatia wote, na mama aliye katikati ya kufua akikatiwa bila taarifa atakuja kuifungua mwenyewe. Pakeni rangi nyekundu kwenye mpini, andikeni ukutani ni ya vyumba vipi. Ufunguo wa sanduku la mita ukae kwa mtu anayelala hapo kila siku, si kwa mwenye nyumba anayeishi Bukavu au Bujumbura. Na kila baada ya miezi mitatu vana ifungwe na kufunguliwa hata kama hakuna shida. Yenye gurudumu, ukishaifungua hadi mwisho, irudishe nusu mzunguko. Hiyo nusu ndiyo inayoizuia isigande.